Kutembea kwa miguu Willemstad, Curaçao, siku meli inapofunga gati: naomba ushauri kuhusu usalama

Binti wa Chumbageni, Minnesota

Habari zenu, ndugu. Mwezi Januari, Mungu akipenda, nitasafiri kwa meli ya kitalii itakayoondoka Florida na kuzunguka visiwa vya kusini mwa Karibi. Nitakuwa na mama yangu mzazi, aliyekuja kunitembelea kutoka Tanga, na kijana wangu wa miaka kumi na minne. Bandari ninayoisubiri zaidi ni Willemstad, mji mkuu wa Curaçao, ambako tutafunga gati saa mbili asubuhi na kutakiwa tuwe tumerudi melini saa kumi na moja jioni. Sitaki kununua matembezi ya basi yanayouzwa melini, kwa sababu nimesoma kwamba mitaa ya kale ya mji huo, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1997, iko jirani na gati na inaonekana vizuri zaidi kwa miguu.

Hata hivyo sina amani kamili. Kila ninayemuuliza hapa ananipa jibu la juu juu: mmoja anasema kote ni salama, mwingine anasema tusitoke nje ya maduka ya bandarini. Mimi ninataka kujua mambo yenyewe: ni mitaa ipi ya kupita na ipi ya kuacha, tubebe nini na tuache nini, na ni kitu gani hasa huwaponza abiria wanaotembea peke yao. Mama ana shinikizo la damu na magoti yake hayamruhusu kupanda ngazi nyingi, lakini ana hamu kubwa ya kuona jumba la makumbusho la biashara ya watumwa ambalo nimemsimulia. Suala la viza tumeshalimaliza na kampuni ya meli, kwa hiyo hilo halinisumbui. Naomba mliofika huko mnisaidie.

Baharia wa Kisauni

Dada, kwanza mfikishie Mama shikamoo yangu. Nimehudumu miaka mingi katika idara ya chakula kwenye meli zinazokwenda huko, na Willemstad ni bandari ambayo sisi mabaharia huitembea kwa miguu kila tunapopata ruhusa ya kushuka. Kwa hiyo nitakueleza kwa mpangilio ambao wewe mwenyewe utakutana nao.

Swali la kwanza la kujiuliza kabla hujashuka ni meli imefunga gati lipi. Meli kubwa hufunga nje, upande wa bahari, kwenye gati linaloitwa Mega Pier, karibu na ngome ya kale ya Rif Fort ambayo leo ni mahali pa maduka na mikahawa. Meli ndogo kidogo huingia ndani ya mlango wa bahari, Ghuba ya Mtakatifu Anna, na kufunga Mathey Wharf. Gati zote mbili ziko upande wa Otrobanda, magharibi mwa mlango huo, ilhali majengo ya rangi rangi ya Handelskade ambayo kila mtu huyapiga picha yako upande wa pili, katika mtaa unaoitwa Punda. Kutoka Mega Pier unapita Rif Fort, unafika uwanja wa Brionplein, na mbele yako unaliona daraja. Kwa mwendo wa Mama, hesabu robo saa au zaidi kidogo, na njia yote ni tambarare.

Daraja hilo ndilo jambo ninalotaka ulishike kuliko yote, maana ndilo huwachelewesha watu. Linaitwa Queen Emma, lilijengwa mwaka 1888, nalo linaelea juu ya maboya, kwa hiyo meli inapotaka kuingia au kutoka, daraja zima hufunguka kama mlango na kulala ubavuni mwa gati la Otrobanda. Waliowahi kupita daraja la Liwatoni kule Mombasa watalifahamu mara moja. Kengele hulia, milango ya ncha zote mbili hufungwa, na baada ya hapo hakuna anayepanda wala anayeshuka. Ukikutwa katikati, simama, shika ukingo, mshike Mama mkono na utulie. Hakuna hatari yoyote kwa aliyetulia. Hatari iko kwa wanaokimbia ili waruke kwenye ncha wakati daraja limeshaanza kusogea, na kijana wa miaka kumi na minne anahitaji kuambiwa hivyo mapema. Bendera ya rangi ya chungwa ikipandishwa, ufunguzi ni wa muda mfupi. Ikiwa ya buluu, jiandae kwa muda mrefu, pengine zaidi ya nusu saa.

Daraja likiwa wazi, vivuko vidogo huvusha watu bure kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa hiyo hukwami kabisa. Lakini foleni huwa ndefu, hasa alasiri, wakati abiria wa meli nzima wanarudi kwa pamoja. Kuna daraja jingine refu sana angani, Queen Juliana, lililofunguliwa mwaka 1974 na lenye urefu wa mita 56 kutoka majini. Hilo ni la magari peke yake na waendao kwa miguu hawaruhusiwi. Nimeshuhudia wageni wakiulizana jinsi ya kulipanda wakati muda umewaishia. Msilifikirie kabisa.

Kwa sababu hiyo, ushauri wangu ni kwamba mvuke kwenda Punda asubuhi, mmalize mambo ya huko, na mrudi upande wa Otrobanda mapema, angalau saa mbili kabla ya muda wa mwisho. Muda unaobaki mtumieni upande ule ule wa meli. Mkifanya hivyo, daraja likifunguka halitawahusu tena.

Jambo la pili ni saa. Curaçao haibadilishi saa mwaka mzima. Mwezi Januari iko mbele ya Florida kwa saa moja, na mwezi Julai zinalingana. Baadhi ya meli hufuata saa ya kisiwa na baadhi hubaki na saa ya bandari ya nyumbani; tangazo husomwa melini usiku uliotangulia na huandikwa kwenye ratiba ya siku. Meli ikifuata saa ya kisiwa, kisha wewe ukatembea na saa ya mkononi iliyobaki Florida, itakuonyesha saa kumi wakati meli imeshafika saa kumi na moja. Simu nazo hujibadilisha zenyewe zikikamata mtandao wa nchi kavu. Weka saa moja tu ya kuaminiwa na familia nzima, uilinganishe na saa iliyo mlangoni mwa meli wakati wa kushuka.

Mama Salma, Den Haag

Nashukuru kwa maelezo ya kaka baharia. Mimi ninaishi Uholanzi na mume wangu ni mzaliwa wa Otrobanda, kwa hiyo tunakwenda kuwasalimia wakwe zangu mara kwa mara. Niongeze kuhusu mitaa, kwa kuwa naona swali hilo bado halijajibiwa.

Punda mchana ni mahali pa kutembea bila wasiwasi. Kuna watumishi wa serikali, wanafunzi, wauza maduka na wageni, na mitaa ni mifupi kiasi kwamba huwezi kupotea kwa muda mrefu. Ngome ya Fort Amsterdam iko hatua chache kutoka darajani, na kanisa lililomo ndani yake bado lina tufe la mzinga lililokwama ukutani tangu mashambulizi ya Waingereza ya mwaka 1804. Mbele kidogo kuna sinagogi la Mikvé Israel-Emanuel la mwaka 1732, ambalo sakafu yake imetandazwa mchanga. Mama akichoka, hapo ndani ni pa kukaa na kupumua. Chakula cha mchana kaleni Plasa Bieu, soko la zamani lililogeuzwa kuwa jiko kubwa la akina mama lenye meza ndefu, ambako mtapata mbuzi wa mchuzi na funchi, ambao ni ugali wa mahindi. Nenda mapema, kwa sababu chakula huisha. Mahali pale pana wenyeji wengi kuliko wageni, na kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kwanza cha usalama katika mji wowote: je, wenyeji wa rika zote, wakiwemo wazee na watoto, wanapita hapa wakiwa na shughuli zao?

Kwa kipimo hicho hicho, upande wa Otrobanda utazame kwa makini zaidi. Breedestraat na mitaa iliyo karibu na Brionplein ina watu wakati wote wa mchana. Ukiingia ndani zaidi, vichochoro vinapanda na kushuka, nyumba moja imekarabatiwa vizuri na ya jirani ni gofu lisilo na paa, na baadhi ya magofu hayo hukaliwa na watu wenye uraibu wa dawa za kulevya. Hawana desturi ya kuwashambulia wapita njia mchana, ila mtu anayetembea peke yake huku simu iko mkononi na mkoba unaning'inia begani anaweza kuibiwa. Ukiona kichochoro hakina mtu, au mlango mmoja tu ndio uko wazi, geuka urudi ulikotoka bila haraka. Hali ni hiyo hiyo Scharloo, ng'ambo ya daraja dogo la Wilhelmina: mtaa wenye majumba makubwa ya wafanyabiashara wa zamani na michoro ya ukutani unapendeza na unatembeleka, lakini pembeni yake kuna sehemu tupu. Baada ya giza, ambalo huingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, mimi mwenyewe sipiti katika vichochoro vya pande hizo. Ninyi mtakuwa mmesharudi melini, kwa hiyo hilo liwe la kujua tu.

Kuhusu makumbusho anayoyatamani Mama, yanaitwa Kura Hulanda na yako Otrobanda, karibu na Mathey Wharf. Hakikisha siku na saa za kufunguliwa kabla hamjaondoka nyumbani. Fikeni kwa kufuata barabara ya ukingo wa maji kutoka Brionplein, msikate njia kupitia juu. Naomba pia umwandae Mama moyo, kwa sababu humo kuna minyororo halisi na chumba kilichojengwa kwa mfano wa tumbo la meli ya watumwa, na mama mkwe wangu, ambaye ni mtu wa kisiwa hicho hicho, alitoka humo akahitaji kukaa kitako muda mrefu. Curaçao ilikuwa soko kubwa la Waholanzi la kuwauza Waafrika, na utumwa ulipigwa marufuku huko tarehe 1 Julai 1863 tu, miaka 68 baada ya maasi ya watumwa yaliyoongozwa na mmoja wao, Tula, mwezi Agosti 1795. Naona ni haki kwa mtu wa pwani yetu, ambaye naye ana historia ya misafara na masoko, aingie pale kwa utulivu, asiwe mbioni kuwahi meli. Ndiyo maana nakubaliana na kaka: Punda asubuhi, makumbusho alasiri.

Tahadhari nyingine inahusu majina. Kuna Breedestraat ya Punda na Breedestraat ya Otrobanda, zikiwa zimetenganishwa na maji. Mkiagana na kijana kwamba mtakutana Breedestraat, kila mmoja anaweza kusubiri upande wake. Chagueni sanamu ya Brión pale Brionplein, ambayo iko upande wa meli na haina mwenzake.

Fedha za nchi kwa sasa ni gilda ya Karibi, iliyoanza kutumika tarehe 31 Machi 2025, na dola moja ya Marekani ni sawa na gilda 1.79. Dola hupokelewa karibu kila mahali, kwa hiyo beba noti ndogo ndogo na uombe chenji kwa dola. Ukirudishiwa noti za gilda ya zamani, ya Antili, zikatae kwa upole, kwa sababu hazitumiki tena madukani. Teksi halali zina herufi TX kwenye kibao cha namba na hazina mita. Patana nauli kabla mlango haujafungwa, na uulize kama ni ya gari zima au ya kila mtu. Mwisho, mkiingia dukani au mkimkuta mtu ameketi barazani, msalimieni kwanza: bon dia asubuhi, bon tardi mchana. Watu wa Otrobanda wanahesabu salamu kama sisi, na mtu aliyesalimiwa vizuri ndiye atakayekuambia kwamba njia unayoiendea si nzuri.

Muuguzi wa Kariakoo, Toronto

Kwa kazi yangu naona jambo linaloweza kumuumiza Mama kwa haraka zaidi kuliko mwizi, nalo ni jua. Willemstad iko nyuzi 12 kaskazini ya ikweta, na upepo wa bahari huvuma karibu muda wote, kiasi kwamba mtu hahisi jinsi anavyochomwa wala anavyopoteza maji. Mtu wa Tanga analijua joto, lakini kwao hutembea asubuhi na kupumzika mchana, wakati mgeni wa meli hutembea saa zile zile ambazo mwenyeji amekaa kivulini. Pumzikeni ndani kuanzia saa sita hadi saa nane. Hapo ndipo Plasa Bieu itawafaa. Kama miongoni mwa dawa zake za shinikizo kuna ile inayomfanya aende haja ndogo mara kwa mara, amuulize daktari wake kabla ya safari jinsi ya kunywa maji na lini ameze dawa siku za joto. Asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Maji ya bomba ya Curaçao ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi, ni safi kunywa, kwa hiyo kila mmoja abebe chupa na kuijaza.

Dawa za siku hiyo zibebwe, pamoja na karatasi yenye majina yake na dozi. Kizunguzungu, kuchanganyikiwa, ngozi kuwa na moto au jasho kukatika ni dalili za kutafuta msaada papo hapo, si za kusubiri kurudi melini. Gari la wagonjwa huitwa kwa namba 912, polisi na zimamoto kwa 911. Hospitali kuu, Curaçao Medical Center, iliyofunguliwa mwaka 2019, iko Otrobanda, upande wenu.

Kuna na hili ambalo wengi hulisahau. Tanzania magari hushika kushoto na Curaçao hushika kulia. Mama, kwa mazoea ya maisha yake yote, atatazama kulia kwanza, na gari litamjia kutoka kushoto. Wewe umeshazoea Marekani na hutaliona tatizo hilo. Mwambie kijana awe upande wa kushoto wa bibi yake kila wanapovuka. Njia za waendao kwa miguu nazo zina kingo za juu na mashimo hapa na pale, kwa hiyo viatu viwe vya kufungwa, visiwe kandambili.

Binti wa Chumbageni, Minnesota

Mungu awabariki. Mmenitoa katika hofu ya jumla na kunipa mambo ya kushika. Nitampa kijana kazi hiyo ya upande wa kushoto, ataipenda. Nimebakiwa na swali moja: pasipoti. Mama ana pasipoti ya Tanzania yenye viza ya Marekani, na mimi nina ya Tanzania pamoja na kadi ya ukaazi. Je, tushuke nazo au tuziache kwenye kisanduku cha chumbani?

Mama Salma, Den Haag

Mimi ningeshuka nazo. Meli ikikuacha, bila pasipoti yenye viza hutapanda ndege ya kurudi Marekani, na Tanzania haina ubalozi hapo kisiwani wa kukukimbilia. Zitie kwenye mfuko wa kufunga kiunoni, ndani ya nguo, usizitoe hadi urudi.

Baharia wa Kisauni

Kwa heshima, Mama Salma, hapa natofautiana nawe. Pasipoti iliyopotea Punda itamzuia Mama asiingie Marekani hata kama meli hajaikosa, na uwezekano wa kupoteza kitu katika siku nzima ya kutembea ni mkubwa kuliko uwezekano wa kuachwa kwa mtu anayerudi saa mbili mapema. Isitoshe, abiria akikosekana gatini, mara nyingi wahudumu hufungua kisanduku cha chumba chake na kumwachia wakala wa bandari pasipoti zake kabla kamba hazijafunguliwa. Dada, waulize wa dawati la huduma melini mambo mawili: kama mamlaka za Curaçao zinataka pasipoti halisi kwa abiria wa siku hiyo, na kama meli yenu hufuata utaratibu huo wa wakala. Kama pasipoti haitakiwi na utaratibu upo, ziacheni, na kila mmoja ashuke na kadi ya meli, kitambulisho chenye picha, na nakala ya pasipoti na ya ukurasa wa viza. Kama jibu ni tofauti, fuateni ushauri wa Mama Salma na mfuko wake wa kiunoni.

Namba ya simu ya wakala wa bandari huandikwa kwenye ratiba ya siku. Iandikeni kwenye karatasi tatu, kila mmoja na yake, pamoja na jina la meli, jina la gati na saa ya kurudi kwa tarakimu, 17:00. Mama anahesabu saa kwa Kiswahili na mwenyeji atakayemsaidia anahesabu kwa Kizungu, hivyo tarakimu hizo zitawaondolea utata wote wawili.